Mizani inaandika ±²50 ëç: poti ya seriali kupitia ruta

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natunza kompyuta za ghala moja la nafaka hapa Vingunguti. Mizani ya kupimia magunia iko getini, na kompyuta yenye programu ya stoo iko ofisini, umbali wa kama mita 80. Zamani kulikuwa na waya wa seriali (wa kupeleka data biti moja moja) uliopita juu ya paa, radi ikauunguza pamoja na poti ya kompyuta. Sasa nimeweka getini ruta ya zamani yenye tundu la USB, nikaiwekea OpenWrt (mfumo huria wa ruta) na ser2net (programu ya kupitisha poti ya seriali kwenye mtandao). Inazungumza na ofisi kwa Wi-Fi. Adapta ya USB kwenda seriali nimenunua Kariakoo. Nikifungua kwa PuTTY, programu ya kutazama data inayoingia, naona ±²50 ëç. Kwenye programu ya stoo poti ya seriali ya COM5 inafunguka lakini uzito hauji kabisa, ingawa nimeiseti 9600, biti 7, pariti shufwa, kama kijitabu cha mizani kinavyosema. Tena umeme ukikatika ofisini na kurudi, ruta inanijibu "Port already in use" mpaka niizime na kuiwasha. Juu ya hayo bosi anataka auone uzito akiwa nyumbani kwake Kibaha. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, mtandao wako ni mzima. Hizo alama ulizozinakili ni kilo 1,250 zilizofika ofisini bila kupungua hata baiti moja. Kosa liko kwenye namna zinavyosomwa zinapotoka kwenye mizani na kuingia kwenye ruta, na ukilielewa hilo hutahangaika kubadilisha adapta wala ruta.

Angalia alama zenyewe. Herufi za ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, zinahitaji biti 7 tu. Mizani yako inatuma hizo 7, kisha inaongeza ya nane, biti ya pariti, ili idadi ya "moja" ndani ya kila herufi iwe shufwa. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 tayari zina idadi shufwa, kwa hiyo biti ya pariti inabaki sifuri na anayesoma biti zote nane haoni tofauti yoyote. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 zina idadi witiri. Hapo biti ya nane inawashwa, na anayeihesabu kama sehemu ya herufi anapata namba iliyozidi kwa 128. Tarakimu 1 ni namba 49 kwenye ASCII. Ongeza 128 upate 177, nayo ni alama ya ±. Tarakimu 2 ni 50, inakuwa 178, yaani ². Herufi k ni 107, inageuka 235, yaani ë. Herufi g ni 103, inageuka 231, yaani ç. Tano na sifuri hazikuguswa. Soma tena sasa: 1250 kg.

Kwa hiyo ser2net inasoma biti 8 bila pariti wakati mizani inatuma biti 7 na pariti shufwa. Mipangilio hii miwili ina urefu uleule kwenye waya, biti kumi ukihesabu ya kuanzia na ya kukomea, ndiyo maana hakuna kifaa kilicholalamika. Kasi ingekuwa imekosewa usingepata nusu ya tarakimu zikiwa sahihi. Ungepata takataka tupu. Mtu akikuletea maandishi ambayo nusu yanasomeka na nusu hayasomeki, anza kwa kushuku pariti, na usishike bisibisi kabla ya hapo.

Na kwa nini programu ya stoo haioni kitu kabisa wakati PuTTY inaona angalau vipande? Kwa sababu programu kama hiyo husubiri alama ya mwisho wa mstari ndipo ichukue uzito. Alama hiyo, ambayo kwenye kibodi ni kitufe cha Enter, ni namba 13, na 13 ina "moja" tatu. Ni witiri. Inafika ikiwa 141. Programu inasubiri 13 isiyokuja, inaendelea kukusanya herufi, na kwenye skrini hakitokei kitu.

Sasa hoja yako kwamba COM5 umeiseti vizuri. Nakuamini, lakini hapo ndipo poti pepe inapowachanganya watu wengi. Poti halisi ina chipu. Ukiiambia biti 7 na pariti shufwa, chipu inabadilika. COM5 yako haina chipu. Ni programu iliyojifanya poti, na chipu ya kweli iko getini, ndani ya ile adapta. Ili amri ya "biti 7" itoke ofisini ikaifikie, lazima kuwe na lugha ya kuibeba, tofauti na data yenyewe. Lugha hiyo ipo, inaitwa RFC 2217, ilichapishwa Oktoba 1997 kama nyongeza ya Telnet, lugha ya zamani ya kuzungumza na mashine kwa mbali. Inabeba kasi, idadi ya biti, pariti, na hali ya nyaya za kuongozea kama RTS na DTR. Upande mmoja ukiongea RFC 2217 na mwingine ukatumia TCP mbichi, yaani data tupu bila maagizo, data itapita na mipangilio itaachwa njiani. Ninavyosoma swali lako, hali yako ni hiyo: umeunganisha kwa TCP mbichi, kwa hiyo kinachotawala ni kile kilichoandikwa ndani ya ruta, na huko kumeandikwa biti 8.

Ungekuwa na mkanganyiko wa namna nyingine, yaani ruta inaongea Telnet na ofisi inasikiliza ghafi, ungeona alama kama ÿý mara tu unapounganisha, kabla mizani haijatuma chochote. Hizo ni salamu za Telnet. Ziweke akilini, zitakufaa siku nyingine.

Mimi ningefanya yote mawili: ningeandika mipangilio sahihi ndani ya ruta, halafu ningetumia RFC 2217 pande zote. Programu ya stoo ikisahau kutuma mipangilio, ruta tayari iko sawa.

OpenWrt ina faili lake, /etc/config/ser2net, na huduma ikianza hulisoma hilo na kujitengenezea mipangilio halisi. Kwa mizani moja naona ni rahisi zaidi kuizima huduma hiyo, kuandika faili lako mwenyewe la YAML (mtindo wa kuandika mipangilio kwa maandishi), na kuliita kutoka /etc/rc.local. Kila kitu unakiona mahali pamoja:

%YAML 1.1
---
connection: &mizani
    accepter: telnet(rfc2217),tcp,3001
    connector: serialdev,/dev/ttyUSB0,9600e71,local
    options:
        kickolduser: true

Lihifadhi kwa jina /etc/mizani.yaml, kisha kwenye rc.local, juu ya mstari wa exit 0, andika ser2net -c /etc/mizani.yaml. Nafasi za mwanzo wa mistari ziwe za kitufe cha nafasi, usitumie Tab, YAML haiipendi. Ile 9600e71 ndiyo dawa ya ±² zako: kasi 9600, e ni pariti shufwa, biti 7 za data, biti 1 ya kukomea. Neno local linaiambia ruta isijali waya wa kuonyesha kwamba kuna modemu upande wa pili, kwa kuwa mizani nyingi hazina waya huo. Kabla ya kuhangaika na Windows, fungua tena PuTTY, chagua Telnet, andika anwani ya ruta na mlango 3001. Ukiona 1250 kg, upande wa getini umekwisha, usiuguse tena.

Anwani ya ruta ya getini iwe ya kudumu, tuseme 192.168.1.20, na uzime kazi yake ya kugawa anwani kwa wengine. Ruta mbili zikigawa anwani kwenye mtandao mmoja, siku moja kompyuta ya ofisini itachukua anwani ya upande usiotakiwa na utaambiwa mizani imeharibika.

Upande wa Windows nadhani umetumia com0com, ambayo hutengeneza jozi ya poti zilizounganishwa mgongo kwa mgongo. Programu ya stoo inafungua COM5. Mwisho wa pili wa jozi unashikwa na hub4com, ndiyo inayozungumza na ruta. Kwenye dirisha la setupc la com0com unaandika:

install PortName=COM5 PortName=CNCB0

Halafu kwenye folda ya hub4com:

com2tcp-rfc2217 \\.\CNCB0 192.168.1.20 3001

Jina linafanana sana na com2tcp tupu, na wengi huchukua hiyo tupu kwa sababu ni fupi. Ile ndefu ndiyo inayobeba mipangilio. Chukua toleo la com0com lenye draiva iliyotiwa sahihi, la sivyo Windows ya biti 64 itaikataa. Namba ya COM iwe chini ya 10, maana programu nyingi za stoo ni za zamani na hazijui kufungua COM10 na kuendelea. Amri ya pili iweke kwenye Task Scheduler ianze kompyuta inapowaka, ili karani asilazimike kufungua dirisha jeusi kila asubuhi na kulifunga kwa bahati mbaya saa nne.

Kabla ya yote hayo, uliza kitu kimoja: hiyo programu ya stoo haina sehemu ya kuandika anwani ya IP ya mizani? Nyingine zinayo, imejificha kwenye mipangilio. Ikiwepo, achana na poti pepe kabisa. Poti pepe ni njia ya kuidanganya programu isiyojua mtandao. Programu inayoujua haina haja ya kudanganywa, na unakuwa umepunguza viungo viwili vinavyoweza kukatika.

Tuje kwenye "Port already in use". Umeme ukikatika ofisini, kompyuta inakufa ghafla bila kuaga. Getini umeme upo, au ruta iko kwenye betri, kwa hiyo ser2net inaendelea kuamini kwamba yule mteja wa kwanza bado yupo. Seriali ina mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja. Kompyuta inarudi, inabisha hodi, inaambiwa pamejaa. Ule mstari wa kickolduser hapo juu unabadilisha kanuni: anayekuja sasa anamtoa aliyekuwepo. Kwa ghala lenye kompyuta moja ni sawasawa kabisa. Kwa mahali penye kompyuta mbili zinazojiunganisha zenyewe ingekuwa balaa, kila moja ingemtoa mwenzake mchana kutwa.

Kutokana na hilo kuna hatari ambayo hukuiuliza, na kwangu ni kubwa kuliko alama zako. Programu nyingi za mizani, data ikikatika, huacha uzito wa mwisho kwenye skrini. Wi-Fi ikiyumba, karani anaona 1,250 ya lori lililopita huku juu ya mizani kuna mzigo mwingine, anabonyeza hifadhi, na risiti inatoka. Waya wa zamani ulikuwa na tatizo hilo pia, lakini haukukatika kila lori refu likisimama kati ya antena mbili. Jaribu makusudi: weka magunia juu ya mizani, chomoa umeme wa ruta ya getini, ongeza gunia, na utazame skrini ya ofisi. Kama namba imeganda bila onyo lolote, mwambie aliyeuza programu aweke muda wa kuisha, sekunde mbili au tatu bila data mpya na namba ifutike. Akikataa, weka utaratibu kwamba mtu wa getini anasoma uzito kwenye kioo cha mizani na kuutaja kwa simu kabla risiti haijatoka. Kioo hicho ndicho kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Skrini ya ofisi ni nakala tu. Na katika kuhangaika kwako usije ukafungua boksi la mizani lenye lakiri. Poti ya seriali iko nje, inakutosha. Kukata lakiri ni kesi chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Kuhusu radi, umefanya vyema kuacha shaba. RS-232 kwa kanuni yake ya zamani ilikusudiwa waya wa mita 15 hivi. Mita 80 juu ya paa la bati ilikuwa bahati. Mtu atakushauri uvute waya wa Ethernet badala ya Wi-Fi, kwa kuwa mita 80 bado iko ndani ya kikomo cha 100. Kwa data, ni kweli. Kwa radi za masika, ni shaba ileile kati ya majengo mawili yenye ardhi tofauti, na itaunguza ruta mbili badala ya poti moja. Wi-Fi ikikusumbua, vuta faiba, na vigeuzi viwili vya mwisho vinapatikana hapahapa mjini. Ruta na adapta zifunge kwenye boksi lililozibwa, maana vumbi la nafaka likichanganyika na unyevu wa Dar linakula viungio vya USB taratibu, nawe utadhani ni programu.

Adapta yenyewe: chipu za FTDI, CH340 na PL2303 zote zinafanya kazi, kila moja na kifurushi chake cha kmod-usb-serial. Yako tayari imeonekana kama ttyUSB0, basi. Ila ikichomoka na kurudi huku ser2net ikiwa bado imeishika, inaweza kurudi ikiwa ttyUSB1 na faili lako likabaki linatafuta isiyokuwepo. Ifunge kwa kamba isitikisike. Na kwa wasomaji wengine wanaotaka kuiga: msiunganishe mizani kwenye zile pini ndogo zilizo ndani ya ruta. Zile ni za volti 3.3, wakati RS-232 inapanda hadi volti 15 upande wa chanya na kushuka hivyohivyo upande wa hasi. Ruta itakufa siku hiyohiyo.

Mwenye ruta ya MikroTik badala ya OpenWrt hahitaji ser2net. Kuna sehemu ya /port remote-access ambamo unataja poti, namba ya mlango, na protocol=rfc2217, na allowed-addresses kwa ajili ya kuruhusu kompyuta moja tu. Aondoe kwanza konsoli (sehemu ya kuiandikia ruta amri) kwenye poti hiyo kama imeishika.

Anayesoma hapa akiwa na mita za umeme au vidhibiti vya Modbus RTU (lugha ya vifaa vya viwandani kupitia seriali), asifuate njia yangu kichwa kichwa. Modbus RTU hutenganisha ujumbe kwa ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu, na mtandao hauhifadhi ukimya. Unakusanya herufi, unazisukuma kwa mafungu. Mizani haijali kwa kuwa kila mstari una mwisho wake. Kwa Modbus, tafuta kifaa kinachotafsiri kwenda Modbus TCP, mlango 502.

Sasa bosi wa Kibaha. Jambo la kwanza, usifungue mlango 3001 kwenye intaneti. Hauna nenosiri, hauna usimbaji, na mizani nyingi zinapokea amri kupitia waya huohuo, ikiwemo ya kurudisha sifuri. Hata Wi-Fi ya wageni pale ofisini isiufikie. Njia ni WireGuard, programu ya kupitisha data iliyosimbwa kwenye intaneti: ofisi inakuwa na seva yake, simu ya bosi inaingia kwa ufunguo. Tazama kwanza anwani ambayo ruta kubwa imepewa na mtoa huduma. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, upo nyuma ya anwani ya pamoja na hakuna atakayeweza kukufikia kutoka nje. Itabidi ukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na ofisi ndiyo iipigie.

Lakini hata akishaingia kwa WireGuard, usimpe poti ya mizani. Kumbuka kickolduser: kila bosi akifungua kuangalia uzito, karani anatolewa, na karani akirudi, bosi anatolewa. Wala usimpe Remote Desktop ya Windows (ya kuendesha kompyuta kwa mbali) kwenye kompyuta hiyohiyo, maana nayo humfungia skrini aliyekaa mbele yake. Mpe VNC, programu ya kuonyesha skrini kwa mbali, ya kutazama tu, au bora zaidi ripoti ya programu ya stoo, ambamo uzito umeshaandikwa pamoja na namba ya gari na jina la aliyepima.